Tabibu Naye Huuguzwa

Ndugu msomaji, huenda unaye kijana uliyemsomesha hapa pwani kwa tabu, akahitimu udaktari, kisha akapelekwa Kahama, bara ya mbali, kwenye nchi ya dhahabu. Humwuliza habari za mshahara na za nyumba. Je, umepata kumwuliza anakula na nani?

Kahama iko kaskazini ya Tabora, na huko Tabora, katika Unyanyembe, ndiko misafara ya wazee wetu ilikokuwa ikipumzika. Dakta Livingstone alipita hapo. Watu humjua kwa safari zake, wakasahau kwamba alikuwa tabibu. Januari 1867 wapagazi walimtoroka na sanduku lake la dawa, akabaki hana dawa ya homa yake mwenyewe. Mwanzo wa 1869 mapafu yalimwuma hata asiweze kusimama. Aliyemwuguza ni Muhammad bin Gharib, akaamuru abebwe kitandani, akafikishwa Ujiji mwezi wa Machi. Bwana huyu akifanya biashara ya pembe na watumwa, jambo ambalo Livingstone alilichukia wala hakulificha; nami sina haja ya kulipamba. Hata hivyo hakumwacha mgonjwa porini.

Novemba 1871 Stanley alimkuta Ujiji amedhoofu. Alimletea barua, vyakula, na zaidi ya hayo mtu wa kuzungumza naye. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba alikuwa akila milo miwili isiyo na ladha, sasa akala mara nne kwa siku, na baada ya wiki moja akaanza kuona nguvu. Dawa gani hiyo?

Alifariki Mei 1873, kwa Chitambo, watu wake wakiwa karibu. Oktoba wakina Susi na Chuma waliufikisha mwili Unyanyembe, wakaukuta msafara wa Cameron, uliotumwa kumsaidia. Tabibu wa msafara huo, Dakta Dillon, alikuwa hoi kwa homa, kuhara na macho. Usidhani hakuwa na rafiki. Alikuwa nao, lakini nao walikuwa wagonjwa, na yeye ndiye waliyemtazamia awaponye. Tabibu huona haya kusema naumwa, na asiposema, nani atajua? Akashika njia ya kurudi pwani pamoja na mwenziwe Murphy. Tarehe 18 Novemba, akili imepotea kwa homa, akajiua.

Susi na Chuma wakaendelea na safari. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo na mwili wa bwana wao.