Uvuli na kivuli

Mpiga picha anayekwenda Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi huko Kolwezi, kupiga foto za beji hubeba maneno matatu ya shina moja: uvuli, kivuli na mwavuli. Uvuli ni mahali palipokingwa jua. Kivuli ni umbo lenye ukingo. Tofauti hii ndiyo kazi yenyewe. Kolwezi ipo karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, hivyo adhuhuri ya masika jua husimama karibu utosini: matundu ya macho hujaa kivuli, pua huangusha kingine juu ya mdomo, na udongo mwekundu hurudisha wekundu chini ya kidevu. Chanzo kidogo cha mwanga huchonga kivuli. Chanzo kipana hukilainisha. Ndiyo maana flashi ya betri hupigwa ndani ya mwavuli mweupe, ulioinuliwa kidogo juu ya macho, pembeni, hatua mbili hivi kutoka usoni.

Atatokea wa kusema kwamba watu husema tu “kaa kivulini”, na wanaeleweka. Kweli, na sitawasahihisha. Lakini fundi akimwambia msaidizi “ondoa kivuli”, anataka mwavuli usogezwe, si mwembe ukatwe. Pingamizi zito zaidi ni kwamba uso usio na kivuli huwa bapa kama sahani. Nalikubali: kinachotafutwa ni kivuli kilichopoteza ukingo, kinachoonyesha shavu bila kulikata, kwa mfanyakazi wa kwanza kwenye foleni na wa mwisho vilevile.