Anwani ya IP ya umma: Kwa nini seva ya nyumbani haifikiki kutoka nje

KATIKA miji ya ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, intaneti ya nyumbani haiishii tena katika kusoma habari na kutuma barua pepe. Mwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu hutaka kuona picha za kamera za ulinzi akiwa safarini, mwenye maduka hutaka hesabu za matawi yake zikutane kwenye kompyuta moja, na shule hutaka wanafunzi wafungue masomo wakiwa nyumbani. Kompyuta inayohudumia nyingine kwa namna hiyo ndiyo huitwa seva.

Wengi wanaojaribu hukwama mahali pamoja. Seva hufanya kazi vema ndani ya nyumba, lakini aliye nje haioni. Mara nyingi kasoro haiko kwenye kompyuta wala kwenye kasi ya intaneti, bali kwenye anwani.

Aina mbili za anwani

Mawasiliano yote ya intaneti hupelekwa kwa namba ziitwazo anwani za IP. Anwani ya umma ni ya pekee duniani, na hufikika kutoka popote. Anwani ya ndani, kama zile zinazoanza na 192.168, hutumika ndani ya nyumba au ofisi tu, na nyumba nyingi huweza kuwa na namba zilezile bila kugongana.

Kifaa cha nyumbani kinapoomba ukurasa, ruta hukumbuka nani ameomba na humrudishia jibu. Ombi likianzia nje, ruta haijui limfikie nani, hadi mwenye nyumba aielekeze kulipeleka kwenye seva.

Maelekezo hayo hufaa iwapo ruta yenyewe ina anwani ya umma. Watoa huduma wengi, hasa kampuni za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hali hiyo inafanana na watu wengi kutumia sanduku moja la posta: kila mmoja anaweza kutuma barua, lakini barua iliyoandikwa namba ya sanduku bila jina haina wa kupewa. Mteja hana uwezo wa kubadilisha mpangilio huo, kwa kuwa mtambo unaogawa si wake.

Chanzo cha uhaba

Mfumo wa IPv4, uliochapishwa mwaka 1981, una anwani zipatazo bilioni 4.3 tu. Februari 2011, mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa kwa mashirika 5 ya kanda. Afrika inahudumiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, ambayo iliingia katika hatua ya mwisho ya ugawaji Januari 2020. Kwa utaratibu wa hatua hiyo, mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Shirika hilo pia limeyumbishwa na kashfa ya anwani zilizochukuliwa isivyo halali, iliyofichuka mwaka 2019, na kesi zilizofikia mahakama kuliweka chini ya mfilisi mwaka 2023.

Hivyo, nyaya za baharini zilizoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2009 na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano viliongeza kasi, lakini havikuongeza anwani. Suluhisho la kudumu ni mfumo mpya wa IPv6, wenye anwani za kutosha kila kifaa. Hata hivyo, seva yenye IPv6 pekee haifikiwi na mtu ambaye mtandao wake bado ni wa IPv4.

Jinsi ya kutambua

Mteja afungue ukurasa wa mipangilio ya ruta na kutazama anwani iliyotoka kwa mtoa huduma. Ikianza na 10, 192.168, 172.16 hadi 172.31, au 100.64 hadi 100.127, hiyo si ya umma. Kundi hilo la mwisho lilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa watoa huduma wanaogawia wateja wengi anwani moja.

Njia zilizopo

Njia ya kwanza ni kumwomba mtoa huduma anwani ya umma, ambayo kwa kawaida huambatana na vifurushi vya biashara na malipo ya ziada. Mteja aulize pia iwapo ni ya kudumu, kwa sababu anwani ya umma inaweza kubadilika kila ruta inapozimwa na kuwashwa.

Njia ya pili ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma mahali pengine, kisha seva ya nyumbani ikaunganishwa nayo kwa VPN. Kwa kuwa muunganisho huanzia ndani kwenda nje, kizuizi cha anwani huondoka. Njia ya tatu ni kuihamishia kazi yote kwenye seva ya kukodi, jambo linaloondoa pia hofu ya umeme kukatika nyumbani.

Tahadhari

Anwani ya umma hufungua mlango kwa wema na wabaya. Mwaka 2016, programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani zilizoachwa na maneno ya siri ya kiwandani, na Oktoba mwaka huo ikatumika kukwamisha tovuti kubwa nchini Marekani. Kwa anayehifadhi dhahabu, kamera iliyo wazi kwa kila mtu humwonyesha mwizi saa za zamu na mahali pa kasiki. Ni salama zaidi kamera zifikiwe kwa VPN, maneno ya siri yabadilishwe, na programu za ruta zisasishwe.

Kabla ya kununua vifaa, mteja hana budi kumwuliza mtoa huduma maswali matatu na kupata majibu kwa maandishi: je, anwani ni ya umma, ni ya kudumu, na mkataba unaruhusu kuendesha seva?