Taa ya elfu nane na kitenge cha damu ya mzee

Kabla hujamtumia yule jamaa wa taa pesa kwa M-Pesa, ebu nipe dakika chache. Hiyo hali naijua. Una kamera ya mtumba au simu ya kueleweka, una ukuta mmoja mweupe kwa keja, na umeshaona video kumi za watu wakisema taa ndio kila kitu. Hawajakudanganya. Shida ni kwamba hawakuambii unalipia nini ndani ya hiyo taa.

Mimi nilinunua mwaka jana. Elfu nane, taa mbili za LED za kuwaka mfululizo, stendi zake, na ile mifuko ya kitambaa cheupe ya kulainisha mwanga. Hiyo elfu nane ilikuwa kodi ya nyumba. Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache kabla, karo ndio ilinitoa, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kupigia simu mambo yakienda mrama.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama wa mtaani kwetu anayeuza vitenge kwa WhatsApp. Nilimpiga picha amevaa kitenge cha damu ya mzee. Kwa picha, kitenge kikatoka kahawia kama matope ya April. Uso wake, na huyu ni mama mweusi wa kung'aa, ukatoka rangi ya jivu, na ukijani kwa mbali. Akaangalia, akanyamaza, akasema polepole: "Kijana wangu, mbona umenifanya kama mtu ametoka mochari?" Nikamwambia ni skrini ya simu. Akaniamini. Wateja watatu wakaagiza kile kitenge, wawili wakarudisha wakisema hiki sicho walichoona. Nilimrudishia pesa yake yote, na kodi nikachelewa.

Hapo ndipo nilianza kusoma historia ya taa. Nilitaka kujua nani amenikosea.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba kwa miaka mingi studio ya picha haikuwa na taa yoyote. Ilikuwa na dirisha. Wapiga picha wa karne ya 19 walikodi chumba cha juu kabisa, wakaweka kioo kwa paa, wakatundika mapazia meupe ya kuvuta huku na huku. Hizo pazia ndizo nyanya za ile mifuko ya kitambaa niliyouziwa. Hata sinema ilianza hivyo. Mwaka 1893 watu wa Thomas Edison kule West Orange, New Jersey, walijenga studio iliyoitwa Black Maria, kibanda cheusi ambacho paa lake lilifunguka, na kibanda kizima kilizungushwa juu ya reli kufuata jua. Fikiria. Huyu ndiye mtu aliyekuwa anauzia dunia balbu, na kwa studio yake mwenyewe akaona heri azungushe nyumba.

Si kwamba hawakujaribu umeme. Nadar, mpiga picha maarufu wa Paris, aliingia mahandaki ya mifupa chini ya mji mwaka 1861 akiwa na taa ya umeme ya betri. Picha moja ilichukua hadi dakika 18. Hakuna binadamu anatulia dakika 18, kwa hivyo aliwavalisha masanamu nguo za wafanyakazi akawaweka hapo. Baadaye balbu za waya zikapata nguvu ya kutosha, studio zikajaa taa, na taa zikajaa joto, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wa balbu ya waya inageuka moto, si mwanga. Ukiwa na zile taa kubwa za halojeni za mafundi wa mjengo, utaona rangi zinatoka poa kabisa ukishapanga kamera, lakini bedsitter itakuwa jiko, na tokeni za umeme zitaisha ukitazama.

Sasa njoo kwetu Afrika, kwa mtu ambaye mimi nadhani kila kijana mwenye studio ya nyumbani angepaswa kumjua kabla ya kujua jina la taa yoyote. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana. Pazia la nyuma kwa picha zake za mwanzo lilikuwa shuka lake la kitanda. Mara nyingi alipiga picha moja tu kwa kila mteja, kwa sababu filamu ilikuwa ghali, na leo hizo picha zimetundikwa kwa makumbusho makubwa ya dunia. Angalia ngozi za watu wake: nyeusi, laini, kila mkunjo wa nguo unaonekana. Hata hapa kwetu, wale wapiga picha wa kivuko cha Likoni miaka ya 1990, wenye vibanda vya mandhari za kuchora na maua ya plastiki, walifanya biashara yao nje barabarani, mahali jua liko la bure.

Wote hao walikuwa na siri moja, na si siri ya watts. Mwanga ukitoka kwa kitu kikubwa kilicho karibu na uso, unakuwa laini. Ukitoka kwa kitu kidogo kilicho mbali, unakuwa mkali, na vivuli vinakata kama wembe. Anga lote likiingia kupitia dirisha la mita moja unusu ni taa kubwa kuliko chochote utakachopata mjini. Na ukiisogeza taa yako kutoka mita 2 hadi mita 1, unapata mwanga mara 4 bila kuongeza hata shilingi. Nilikuwa naweka zangu mbali ili zisionekane kwa picha, kisha nalia hazina nguvu.

(Ile taa ya duara ya watu wa TikTok nayo, mababu zake ni flashi za duara zilizotengenezwa miaka ya 1950 kwa kupiga picha meno. Ndio maana inamulika ndani ya mdomo vizuri hivyo.)

Lakini ukubwa haukueleza kwa nini mama alitoka mochari. Hiyo ni hadithi nyingine, na hii ndiyo iliniuma.

Enzi za filamu ya rangi, Kodak walikuwa wakituma kwa maabara kadi ya picha ya mwanamke mzungu, na mafundi wakaiita Shirley. Rangi zikipangwa hadi Shirley apendeze, basi mashine imekaa sawa. Sisi hatukuwa kwa kadi. Mtafiti mmoja wa Canada, Lorna Roth, aliwahoji watu waliofanya kazi Kodak, na wakamweleza kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia haukutoka kwa watu weusi. Ulitoka kwa matangazo ya biashara: watengenezaji wa chokoleti walilalamika aina zao zote zinafanana kwa picha, na wauzaji wa samani wakalalamika huwezi kutofautisha mbao. Nilisoma hapo nikacheka, kisha sikucheka. Yangu pia haikuwa sura iliyoleta kesi. Ilikuwa kitenge kilichorudishwa.

Sasa LED. Taa nyekundu ya LED ilionyeshwa na Nick Holonyak mwaka 1962. Ya buluu ilisumbua watu miaka 30. Shuji Nakamura, akiwa kampuni ya Nichia huko Japani, alitoa ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993, na mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa Nobel ya fizikia. Kwa nini buluu ni muhimu hivyo? Kwa sababu taa nyeupe ya LED tunayonunua, kwa kawaida, si nyeupe. Ni ya buluu iliyopakwa poda ya manjano juu. Buluu ikichanganyika na manjano, jicho linakubali kwamba ni nyeupe. Kamera nayo inaangalia ni rangi gani ziko ndani kweli. Ikiwa poda ni ya bei ya chini, wekundu mzito haumo wa kutosha, na damu ya mzee bila wekundu ni matope. Ngozi yetu nyeusi pia imebeba wekundu mwingi ndani yake. Ukiuondoa, kinachobaki ni jivu.

Kuna kipimo cha haya mambo kinaitwa CRI, na mwisho wake ni 100. Hapa ndipo ujanja wote uko. Kipimo hicho ni wastani wa rangi 8 za majaribio, na zote ni rangi zilizofifia. Nyekundu nzito ni ya 9, inaitwa R9, na haimo kwa hesabu. Taa inaweza kuandikwa CRI 80 kwa boksi huku R9 yake iko karibu na sufuri, na muuzaji hajasema uongo wowote. Zangu hazikuwa zimeandikwa chochote.

Jambo moja la haraka: umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hivyo taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiona mistari myeusi inatembea kwa video, weka shata 1/50 au 1/100 kabla hujalaumu simu. Na dukani, iwashe taa na uirekodi na simu yako kabla hujalipa. Beba pia kitambaa chekundu kizito mfukoni, ukipige picha chini ya hiyo taa, kisha utoke nje ukipige tena kwa mwanga wa mchana. Muuzaji atakuona mshamba. Wacha akuone.

Zile mbili niliziuza kwa hasara. Nikajipanga miezi mitatu nikanunua moja tu, ndogo, isiyo na mfuko, lakini kwa boksi imeandikwa CRI 95 na kwenda juu, na R9 yake imeandikwa pia. Mfuko nimejitengenezea kwa shuka jeupe na fremu ya mbao. Mchana siiwashi kama taa kuu. Dirisha ndilo taa, shuka lingine liko upande wa pili kurudisha mwanga, na ile ndogo inajaza tu mahali dirisha halifiki.

Nilimwita mama wa vitenge tena, bila malipo. Alikuja na kile kile kitenge, ambacho bado hajakiuza. Nilipomaliza alichukua simu, akakileta kitambaa karibu na skrini hapo dirishani, akatazama huku, akatazama kule, muda mrefu. Akasema kitenge ndicho. Uso, akasema, ungeweza kung'aa kidogo zaidi. Anarudi Alhamisi saa tatu asubuhi na mzigo mpya, kabla jua halijaenda upande ule mwingine wa ploti.