Meno ya nguruwe yaliyoshinda mashine

Mwaka 1972, Bernard Ngeneo, msaka visukuku wa kikosi cha Richard Leakey, aliona vipande vya mfupa vimetapakaa kwenye mteremko huko Koobi Fora, mashariki mwa ziwa ambalo leo linaitwa Turkana. Vilikusanywa vipande zaidi ya 150. Vilipounganishwa, likapatikana fuvu la mtu wa kale mwenye ubongo mkubwa kuliko ilivyotarajiwa, likapewa namba 1470.

Fuvu hilo lilitoka chini ya tabaka la jivu la volkeno liitwalo KBS. Wanasayansi wa Uingereza, Frank Fitch na Jack Miller, walikuwa wamepima gesi ya agoni iliyomo kwenye jivu hilo na kulipa umri wa miaka milioni 2.6. Kwa kuwa tabaka la chini hutangulia la juu, Leakey alilikadiria fuvu kuwa na miaka milioni 2.9.

Nguruwe wakakataa.

Basil Cooke, bingwa wa nguruwe wa kale, alikuwa akilinganisha magego yao ya Koobi Fora na yale ya bonde la Omo, Ethiopia, ambako majivu mengi yalikwisha kupimwa umri. Katika aina moja ya nguruwe wa Omo, gego la mwisho lilizidi kurefuka kadiri mtu alivyopanda kutoka tabaka la chini kwenda la juu. Magego ya Koobi Fora yaliyotoka chini kidogo ya jivu la KBS yalifanana na ya Omo yenye takriban miaka milioni 2 tu.

Mbinu yenyewe haikuwa ngeni. William Smith, mpima ardhi aliyesimamia uchimbaji wa mifereji Uingereza, aligundua mwishoni mwa karne ya 18 kwamba kila tabaka lina visukuku vyake, na kwamba mpangilio huo haubadiliki kutoka kilima hadi kilima. Kwa ujuzi huo alichora ramani ya miamba iliyochapishwa mwaka 1815.

Ubishi wa Turkana ulidumu miaka kadhaa. Mwaka 1977 John Harris na Tim White walichapisha uchambuzi mpana wa nguruwe wa Afrika, nao ukamuunga mkono Cooke. Kuhusu jivu, ilijulikana tangu mwanzo kuwa chembe za miamba mikongwe zilikuwa zimechanganyika nalo: kipimo cha kwanza kabisa kilitoa zaidi ya miaka milioni 200! Vipimo vipya vya miaka ya 1980 vilifikia milioni 1.88, karibu kabisa na hesabu ya magego.