Kapasita Kandoni mwa Daiodi: Asili ya Dawa ya Mngurumo wa Redio

Wako mafundi wengi wajuao kutia kapasita ndogo kandoni mwa kila daiodi katika sehemu ya redio ipokeayo umeme, lakini ni wachache waulizao desturi hiyo imetoka wapi. Tukiichunguza tutaona kwamba dawa ni moja, ila maradhi ni mawili, na kila moja lilizuka kwa wakati wake.

Umeme wa majumbani huenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde huko Uingereza na hapa Afrika Mashariki. Redio hutaka mkondo uendao upande mmoja tu. Kwa hiyo daiodi huwekwa iwe mlango wa njia moja. Daiodi ya awali ya redio ilikuwa vali ya kioo, ambayo Mwingereza John Ambrose Fleming aliiombea haki ya uvumbuzi mwaka wa 1904. Kapasita ni kongwe zaidi: ilianza na chupa ya Leyden, miaka ya 1745 na 1746, kwa kazi ya Ewald von Kleist na Pieter van Musschenbroek.

Maradhi ya kwanza yalijulikana tangu siku za vali. Mawimbi ya stesheni yenye nguvu hupita pia katika nyaya za umeme za nyumba. Yakifika kwenye daiodi, hupitishwa na kuzuiwa kwa kufuata mapigo ya umeme, yakapata mngurumo uwezao kuifunika hata taarifa ya habari. Ajabu yake ni kuwa husikika pale tu msikilizaji aishikapo stesheni, akiiacha, hutoweka. Kapasita ya mikrofaradi 0.01, iliyofungwa sambamba na daiodi, huyapa mawimbi njia ya daima, daiodi iwe wazi au imefunga.

Maradhi ya pili yalikuja na maendeleo. Katika miaka ya 1950 na 1960 daiodi za silikoni zilishika mahali pa vali, kwa kuwa hazihitaji kupashwa moto na hupoteza volti chache mno. Lakini wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Silikoni huweka akiba ya chaji ndani yake. Mkondo ugeukapo, daiodi haifungi papo hapo, bali huachia umeme urudi nyuma kwa kitambo kidogo sana, kisha hufunga kwa ghafula. Mshtuko huo huitikisa transfoma kiumeme, kama kengele iliyogongwa, na kelele yake huingia redioni.

Basi mafundi wakaitumia dawa ile ile. Hapa, hata hivyo, yapasa kutahadhari: kapasita peke yake aghalabu huiteremsha tu sauti ya kengele; ili inyamaze hasa, hutakiwa rezista ya kuimaliza nguvu yake. Tena kapasita sharti istahimili volti zote ziikabilizo daiodi inapofunga. Fundi aliyerithi desturi pasipo sababu yake huenda akatibu ugonjwa usiokuwapo, akauacha uliopo.