Damu ya Nyani wa Kekopey

Hapa Kihoto, Naivasha, ukitaja nyani, mtu wa Gilgil hanyamazi. Mama mdogo alipata shamba Kekopey, karibu na Gilgil, ranchi ya huko ilipouzwa na kukatwa vipande, na hadi leo anasimulia alivyoshinda kondeni akigonga debe bovu. Dume moja lilijitokeza upande wa juu, yeye akalifukuza, na huku nyuma majike na watoto wakashuka kwenye mahindi. "Kijana wangu," huniambia, "wale walikuwa na kamati."

Kumbe kamati hiyo ilikuwa na mwandishi wake. Shirley Strum, mtafiti Mmarekani, alifika Kekopey mwaka 1972, akafuatilia kundi lililoitwa Pumphouse, akaona kwamba dume hujipatia nafasi kwa urafiki kuliko kwa meno. Wakulima walipozidi na nyani kuwa adui, aliwahamishia Laikipia mwaka 1984, makundi matatu. Hadithi husimuliwa hadi hapo. Mimi hunivuta zaidi damu waliyoondoka nayo.

Dume likikomaa huacha kundi la mamake na kwenda kuoa ugenini, na jeni za kinga husafiri nalo. Si jambo dogo. Amboseli, ambako nyani wanafuatiliwa tangu 1971, Jenny Tung na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba tofauti ndogo katika jeni iitwayo FY huendana na uwezekano wa nyani kuambukizwa Hepatocystis, kimelea cha damu, ndugu wa malaria, kinachoenezwa na usubi. Sasa sikia: ni badiliko katika jeni hiyohiyo linalowakinga watu wengi wa Afrika Magharibi na ya Kati dhidi ya malaria ya vivax. Maradhi yamegusa jeni moja kwa nyani na kwa mtu, kila mmoja kwa wakati wake.

Lakini kundi lililozungukwa na nyua za umeme hupata dume geni kwa shida, na jeni mpya vilevile. Vizazi vikipita wote huzidi kufanana, na homa ngeni ikiingia haitabagua. Waliopelekwa Laikipia angalau walikuta nyani wenyeji. Waliobaki huku kwetu, kati ya Gilgil na Hell's Gate, wanabanwa na ploti, mashamba ya maua na barabara kuu.

Mama mdogo hataki kuwasikia, na ana haki. Mahindi yalikuwa yake. Lakini wanaochora ramani za ploti na nyua mpya za kaunti hii waache mapito, madume yapate pa kupita.