Gesi za tiba na kinga ya mapafu kwenye mashine ya kupumulia
Mashine ya kupumulia huokoa maisha, lakini msukumo wake waweza kutanua mno vifuko vya hewa na kuzusha uvimbe ndani ya mapafu. Katika majaribio ya panya, kiasi kidogo cha kaboni monoksaidi, gesi ile ile iuayo katika moshi wa mkaa, kilipunguza madhara hayo. Nitriki oksaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa watoto wachanga, huongeza kwa muda oksijeni ya damu kwa watu wazima wenye mapafu yaliyoumia, bali haijathibitika kupunguza vifo.

Kinga iliyothibitika ni pumzi ndogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulionyesha kuwa mililita 6 za hewa kwa kila kilo ya uzito uliokadiriwa, badala ya 12, zilishusha vifo kutoka asilimia 39.8 hadi 31.